Nani akuandikie barua ya mapendekezo ya chuo cha udaktari Marekani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ikifika Januari maswali huanza kuingia, na kila mwaka ni yale yale. Mjomba wangu ni daktari Nairobi, anaweza kuniandikia? Mchungaji wetu ananijua tangu utotoni, barua yake itafaa? Profesa wa kemia alinipa A lakini hajui hata jina langu, nimwombe? Barua ngapi? Nizitume lini? Mwongozo huu ni kwa anayeomba kusomea udaktari Marekani, awe amezaliwa huku au amekuja mkubwa kutoka Mombasa, Bukavu au Mwanza.

Tatizo letu wengi ni kwamba hatukulelewa na jambo hili. Tanzania, aliyemaliza kidato cha sita kwa PCB huombea udaktari MUHAS na kwingineko kwa matokeo yake ya mtihani. Kenya, KUCCPS humpangia mtu chuo kwa alama za KCSE. Hakuna anayeuliza ni mwalimu gani anakufahamu vizuri. Barua tulizozizoea ni za serikali ya mtaa, za chifu, za mkuu wa shule: huyu tunamtambua, tabia yake ni njema, apewe ushirikiano. Nguvu ya barua hizo iko kwenye muhuri. Kamati ya udahili ya chuo cha udaktari huku, ambako mtu huingia baada ya shahada ya kwanza, inataka kitu kingine kabisa, yaani mtu aliyekuona ukifanya kazi na anayeweza kusimulia alichokiona. Cheo chake kinakuja nyuma sana. Karibu kila kosa utakalolisoma hapa chini linatokana na kusahau hilo.

Andaa haya kabla ya kumwomba mtu yeyote

- Orodha ya vyuo unavyofikiria kuomba, hata kama itabadilika.
- Masharti ya barua ya kila chuo. Yanapatikana kwenye MSAR, hifadhidata ya AAMC (umoja wa vyuo vya udaktari vya Marekani) ya vyuo vya MD, yaani vya shahada ya udaktari iliyozoeleka, na kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Viwili hivi vikipingana, fuata tovuti ya chuo, na ikibidi waandikie ofisi ya udahili.
- Nakala ya matokeo yako isiyo rasmi.
- Wasifu wako wa kurasa mbili: masomo, kazi za kulipwa, kujitolea, utafiti.
- Rasimu ya insha yako binafsi, ile inayoeleza kwa nini udaktari. Si lazima iwe imekamilika.
- Jedwali la kufuatilia: jina la mwandishi, siku uliyomwomba, siku aliyokubali, siku ya mwisho mliyokubaliana, na kama barua imefika.

MSAR ni ya kulipia. Kama kipato cha nyumbani ni kidogo, omba kwanza msaada wa ada wa AAMC unaoitwa FAP. Ukikubaliwa unapata MSAR bure, ada ya MCAT, mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, inapunguzwa, na ada ya AMCAS, mfumo wa kutuma maombi, inasamehewa kwa vyuo hadi 20. Wenye green card wanaweza kuomba, na waliopewa hadhi ya ukimbizi pia. Ila msaada huu haurudi nyuma: ukishalipa, umelipa. Kwa hiyo uombe kabla hujagusa kadi ya benki.

Hatua ya 1. Jua unapitia mfumo upi

Vyuo vingi vya MD hupokea maombi kupitia AMCAS. Vyuo vya DO, yaani vya udaktari wa osteopathia, hutumia AACOMAS. Vyuo vingi vya serikali vya Texas vina mfumo wao, TMDSAS, na Waswahili wa Houston na Dallas wanaufahamu vizuri.

AMCAS inakubali barua hadi 10 kwa mwombaji, lakini kila chuo kina ukomo wake, na mara nyingi ni chini ya hapo. TMDSAS inataka tatu, na unaweza kuongeza ya nne ukipenda. Ukiona namba 10 usidhani unatakiwa kuzijaza zote. Barua tatu hadi tano zenye nyama zinatosha karibu kila mahali. Ya sita inayorudia mambo ya tatu za kwanza inamchosha tu msomaji.

Hatua ya 2. Soma masharti kwa jicho la karani

Mpangilio utakaokutana nao mara nyingi ni huu: maprofesa wawili wa sayansi na mmoja asiye wa sayansi. Hapo ndipo watu wanapoteleza, kwa sababu kila neno lina uzito wake.

"Sayansi" kwa kawaida ni biolojia, kemia, fizikia na hisabati. Saikolojia na sosholojia vyuo vingine vinazihesabu upande wa pili. Afya ya jamii na uuguzi ni vya kuulizia, usikisie.

"Profesa" hapa ni mtu aliyekufundisha darasani na kukupa alama. Mkuu wa maabara uliyofanya naye utafiti miaka miwili anaweza kukuandikia barua nzuri kuliko zote, lakini kama hukusoma kozi kwake, vyuo vingi havitamhesabu kama profesa wa sayansi. Barua yake itakuwa ya nyongeza. Utashangaa ni wangapi wanagundua hilo mwezi wa nane, wakati maprofesa wako likizo.

Msaidizi wa kufundisha, yule mwanafunzi wa uzamili anayesimamia maabara na kusahihisha kazi, mara nyingi anakufahamu kuliko profesa mwenyewe. Barua yake peke yake vyuo vingi havitaikubali. Suluhisho lililozoeleka ni msaidizi kuandika na profesa kutia saini pamoja naye. Uliza mapema kama wako tayari kufanya hivyo.

Kwa vyuo vya DO, angalia kama vinataka barua ya daktari. Vingi vinataka, na baadhi vinapendelea iwe ya daktari mwenye shahada ya DO.

Hatua ya 3. Ulizia kamati ya chuo chako

Vyuo vikuu vingi vina ofisi ya ushauri kwa wanaojiandaa na fani za afya, na baadhi vina kamati inayoandika barua moja kwa niaba ya chuo, ikikusanya humo maoni ya walimu wako. Kama chuo chako kinayo, itumie. Vyuo vya udaktari vinajua nani ana kamati na nani hana, na baadhi vitakutaka ueleze kwa nini hukupitia huko.

Kamati hizi zina tarehe zao, na ziko mbali mbele ya tarehe za AMCAS. Nyingine hukutaka uanze mchakato, mahojiano yakiwemo, muhula mzima kabla. Nenda ofisini kwao ukiwa mwaka wa pili, ukaulize tu. Huhitaji kuwa na jibu lolote siku hiyo.

Kama chuo chako hakina kamati, hakuna ubaya wowote. Endelea na barua za mtu mmoja mmoja.

Hatua ya 4. Andika majina yote, kisha yachuje

Chukua karatasi uandike kila mtu aliyekusimamia au kukufundisha kwa miaka mitatu iliyopita. Usichague bado. Ukimaliza, mpitishe kila mmoja kwenye maswali haya:

1. Ameniona nikifanya nini, kwa macho yake?
2. Anaweza kutaja tukio moja mahususi bila mimi kumkumbusha?
3. Amewahi kusimamia wengine kama mimi, ili aweze kunilinganisha nao?

Asiyevuka swali la kwanza, futa jina lake, hata awe dekani.

Swali la tatu watu hulidharau, na ndilo linalozipa barua nyingi uzito. Profesa anayesema wewe ni miongoni mwa wanafunzi watano bora aliowafundisha kwa miaka kumi anaipa kamati kipimo. Rafiki wa familia anayesema wewe ni kijana mwema hana kipimo cha kuwapa.

Kisha tazama majina yaliyobaki kwa pamoja. AAMC imeorodhesha sifa 17 zinazotarajiwa kwa anayeingia chuo cha udaktari. Zimo fikra za kisayansi, kufanya kazi na wenzako, kuaminika, huruma, uadilifu, moyo wa kuhudumia, kustahimili magumu. Hakuna mwandishi mmoja atakayezigusa zote. Profesa wa biokemia ataongelea akili yako, msimamizi wa zahanati ya kujitolea ataongelea unavyokaa na wagonjwa, mwalimu wa historia ataongelea uandishi wako na namna unavyopingana na hoja bila kumdharau mtu. Ukiona waandishi wako wanne wote watasema "ana bidii na anafaulu mitihani", badilisha wawili.

Sasa nieleze kuhusu watu ambao sisi hasa huwa tunawafikiria kwanza.

*Ndugu.* Hapana. Mjomba, shangazi, binamu, shemeji, mume wa dada, hata kama ni daktari bingwa na majina ya ukoo hayafanani. Ujanja wa kuficha udugu usiujaribu. Unaomba kuingia fani inayosimama juu ya kuaminiwa, na ukijulikana ombi lako limekwisha.

*Mchungaji, padri au imamu.* Kama barua itasema unahudhuria ibada na una heshima kwa wazee, iache. Kama uliongoza programu ya masomo ya ziada ya watoto wa wakimbizi msikitini au kanisani kwa miaka miwili na yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wako, hiyo ni barua ya nyongeza inayoeleweka. Aandike kama msimamizi wa kazi.

*Balozi, mbunge, mwenyekiti wa jumuiya.* Hawakukuona ukifanya kazi. Watakuandikia barua ya kurasa mbili kuhusu nchi yetu na aya moja kukuhusu.

*Daktari uliyemfuata kazini siku mbili au tatu.* Anaweza kusema ulifika kwa wakati na ulikuwa kimya. Hakuna zaidi. Daktari uliyekuwa naye kila wiki muhula mzima, aliyekuuliza maswali ukamjibu, huyo ni mtu mwingine.

*Msimamizi wako wa kazi ya CNA (msaidizi wa wauguzi).* Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu tunapishana na hazina. Wengi wetu tumesoma huku tukifanya kazi usiku kwenye nyumba za wazee, tukigeuza wagonjwa, tukibadilisha mashuka, tukikaa na anayekata roho wakati familia yake iko njiani. Halafu mtu huyo huyo anaona aibu kuitaja kazi hiyo, anatafuta barua ya profesa aliyemwona mara mbili. Muuguzi mkuu wa zamu aliyekuona miaka miwili ukishika mkono wa bibi mwenye kusahau, asiyekubali kuogeshwa na mtu mwingine ila wewe, ana jambo la kusimulia ambalo profesa hana. Barua yake haichukui nafasi ya maprofesa wa sayansi, ila ikikaa kando yao inalijenga ombi zima. Awe msimamizi wako, si mfanyakazi mwenzako, na wala si mgonjwa au ndugu wa mgonjwa.

Vivyo hivyo kwa wanaokalimani Kiswahili hospitalini au zahanati. Mratibu wa wakalimani amekuona ukibeba maneno ya watu wengine katika saa ngumu. Mfikirie.

Hatua ya 5. Kama hakuna anayekufahamu, anza kufahamika

Darasa la biolojia lenye watu 300, umekaa safu ya nyuma, umepata A. Profesa hakujui. Ukimwomba atakuandikia kwamba ulipata A, jambo ambalo kamati inaliona tayari kwenye matokeo yako. AAMC yenyewe inawaambia waandishi wasirudie alama bila kuzitolea maelezo.

Tulifundishwa kwamba kumsumbua mwalimu ni utovu wa adabu, na mwanafunzi mzuri ni yule asiyesikika. Huku saa za ofisi zimewekwa ili usumbue. Profesa anakaa peke yake akisubiri wanafunzi ambao hawaji. Nenda wiki ya pili ya muhula, na uende na swali la kweli: jambo ulilolisoma ukakwama, si "nitapataje A". Rudi baada ya wiki mbili. Ukipata mtihani mbaya, nenda nao mkononi mkapitie ulipokosea. Barua nzuri nyingi zimezaliwa na mtihani wa kwanza uliofeli na namna mwanafunzi alivyosimama baada yake.

Kozi ndogo zina faida zake. Ukiweza, chukua ya mwaka wa tatu au wa nne yenye watu 20, yenye majadiliano au mradi. Kusoma kozi ya pili na profesa yule yule ni njia nyingine, na pia kuomba kuwa msaidizi wa kufundisha kwenye kozi uliyoifaulu.

Onyo: usiende saa za ofisi ukiwa na sura ya mtu aliyekuja kutafuta barua. Wanawatambua mara moja.

Hatua ya 6. Omba, na uombe vizuri

Omba kati ya Januari na Machi ya mwaka utakaotuma maombi. AMCAS hufunguliwa mapema Mei, maombi huanza kutumwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na vyuo huanza kuyapokea mwishoni mwa Juni. Mpe mwandishi wiki sita hadi nane. Ukingoja mpaka Mei utawakuta wanasahihisha mitihani, na ukingoja mpaka Juni utakuta wameondoka.

Kama inawezekana, omba ana kwa ana. Andika kwanza barua pepe fupi ukiomba dakika 15 za kuzungumza kuhusu mipango yako. Mwite Profesa au Dkt. na jina lake la ukoo, hata kama wanafunzi wenzako wanamwita kwa jina la kwanza, mpaka yeye mwenyewe akuruhusu.

Mkikutana, swali lenyewe liwe na mlango wa kutokea. Kwa mfano, liwe hivi:

"Profesa, mwaka huu naomba kujiunga na chuo cha udaktari. Nimejifunza mengi kwako, hasa kwenye ule mradi wa muhula uliopita. Je, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu? Kama sivyo, nitaelewa kabisa."

Maneno "yenye nguvu" usiyaache. Anayekubali kwa furaha utamjua. Anayesema "naweza kuandika, ila sina mengi ya kusema" anakufanyia hisani. Mshukuru, utafute mwingine. Sisi tuna tabia ya kuona kukataliwa ni kuvunjiwa heshima, tunarudi kumbembeleza. Usimbembeleze. Barua ya kulazimisha husomeka, na katika rundo la barua zinazosifu, ile ya vuguvugu inasikika kama lawama.

Waombe watu wawili zaidi ya unaowahitaji. Mmoja atachelewa, na mwingine anaweza kuumwa au kuhama.

Hatua ya 7. Mpe vya kuandikia

Siku hiyo hiyo aliyokubali, au kesho yake, mtumie barua pepe moja yenye kila kitu: wasifu, matokeo, rasimu ya insha, tarehe mliyokubaliana, na ukurasa mmoja wa kumbukumbu. Ukurasa huo ndio wenye kazi. Andika humo matukio matatu au manne aliyoyashuhudia yeye: siku ulipogundua vipimo vya kundi lenu havikuwa sawa mkaanza upya, swali ulilouliza likageuka mada ya ripoti yako, jinsi ulivyomsaidia mwenzako aliyetaka kuacha kozi. Usimwandikie sifa. Mkumbushe tu alichokiona, yeye ataamua kinamaanisha nini.

Ambatanisha pia mwongozo wa AAMC kwa waandishi wa barua. Ni mfupi, na unaeleza wanachotakiwa kusema: wamekujua kwa muda gani, kwa nafasi gani, wamekuona wenyewe au wamesikia kwa wengine, na wanakulinganishaje na wanafunzi wengine. Mwandishi asiye profesa, kama msimamizi wa zamu, ataushukuru sana.

Mkumbushe mambo madogo: karatasi yenye nembo ya taasisi, tarehe, saini, na asitaje chuo kimoja kwa jina, kwa sababu barua ile ile itakwenda vyuo vyote. Kosa la "nampendekeza kwa chuo chenu cha" fulani hutokea kila mwaka.

Na kama umepitia kambi ya Nyarugusu, ya Kakuma au njia nyingine ngumu, au una historia ya ugonjwa, mwambie mwandishi wazi ni yapi unaruhusu ayaseme. Mwongozo wa AAMC unawataka waandishi wapate ridhaa yako kwa mambo nyeti ya namna hiyo. Wapo wenye nia njema ambao, wasipoelekezwa, barua nzima itakuwa kambi ya wakimbizi na wewe hutaonekana ndani yake.

Hatua ya 8. Ingiza barua kwenye mfumo

Kwenye AMCAS, fungua sehemu ya barua, uongeze kila barua kwa aina yake: ya kamati, ya furushi lililokusanywa na chuo, au ya mtu mmoja. Ya kamati au furushi huhesabiwa kuwa moja. Mfumo utatoa fomu yenye namba yako ya AAMC na namba ya barua hiyo. Mpe mwandishi fomu hiyo. Atapakia barua mwenyewe kwenye mfumo wa AMCAS wa waandishi, au ataiweka Interfolio, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi barua, na wewe utaituma kutoka huko.

Kila barua ina namba yake. Usiwape waandishi wawili namba moja.

Interfolio inafaa zaidi kwa atakayekaa mwaka mmoja au miwili baada ya kuhitimu kabla ya kuomba. Mwombe profesa aandike angali anakukumbuka, barua ihifadhiwe, na muda ukifika umwombe aongeze aya na kubadilisha tarehe.

Mara nyingi utaulizwa kama unaachilia haki yako ya kuisoma barua. Haki hiyo inatokana na FERPA, sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi. Iachilie. Kamati huamini zaidi barua ambayo mwandishi alijua mwombaji hataiona, na waandishi wengine hawakubali kuandika bila hilo.

Ukimaliza, elekeza kila barua kwenye chuo chake ukitazama masharti uliyoyaandika hatua ya 2. Baada ya kutuma ombi unaweza kuongeza barua mpya, ila uliyokwisha kuielekeza chuoni huwezi kuirudisha.

Hatua ya 9. Fuatilia bila kuchosha

Kumbusha wiki mbili kabla ya tarehe, kisha siku tatu kabla. Barua pepe ya mistari mitatu inatosha, ukiweka tena fomu ile ili asiitafute. Kuwakumbusha watu hawa si dharau. Wengi wanakutegemea ufanye hivyo.

Barua zikifika, mwandikie kila mmoja shukrani kwa mkono wako. Zawadi iache mpaka mwisho, na iwe ndogo. Paketi ya kahawa kutoka nyumbani baada ya kupata nafasi inapendeza, lakini kitenge cha gharama kabla barua haijaandikwa kinamweka profesa pabaya, na vyuo vingi vina kanuni kuhusu zawadi.

Mambo yakienda kombo

*Mwandishi yuko kimya na tarehe imepita.* Mpigie simu ofisini au mfuate. Akiendelea kuwa kimya wiki moja zaidi, mwombe yule wa akiba. Usisubiri barua ndipo utume ombi: AMCAS hukagua ombi lako bila kungoja barua, na ukaguzi huo unaweza kuchukua wiki kadhaa msimu wa maombi ukipamba moto. Tuma ombi, barua zifuate. Ila ujue vyuo vingi havitaanza kulisoma faili lako mpaka barua zitimie.

*Amesema alituma, mfumo unaonyesha haijafika.* Mara nyingi ni namba ya barua iliyokosewa. Mtumie fomu upya. Kwa mifumo inayompelekea mwandishi kiungo kwa barua pepe, kama AACOMAS, mwombe atazame kwenye barua taka.

*Profesa ameniambia niandike mwenyewe, yeye atasaini.* Hili ni la kawaida nyumbani, na huku pia lipo. Usikubali. Msomaji aliyesoma insha yako dakika tano zilizopita ataitambua sauti yako kwenye barua. Mjibu kwa upole kwamba vyuo vinataka maneno yake, na umrahisishie kwa kumpa ule ukurasa wa kumbukumbu. Akishikilia, tafuta mwingine.

*Nilisoma kozi za sayansi Dar es Salaam au Nairobi, na maprofesa wako huko.* Kwanza hakikisha chuo unachoomba kinapokea masomo ya nje, kwani vingi vinadai kozi kadhaa ziwe za Marekani au Kanada, na vingi havichukui kabisa wasio raia wala wakaazi wa kudumu. Profesa wa nyumbani anaweza kupakia barua kwa intaneti, mradi iwe kwa Kiingereza, kwenye karatasi ya chuo, na atumie barua pepe ya chuo badala ya ile ya binafsi. Umweleze pia mtindo. Barua zetu husema "ana nidhamu na heshima" zikaishia hapo, mwombe matukio. Walau barua moja ya sayansi iwe ya profesa wa huku.

*Nilipata B kwake. Nimwache?* Hapana, kama alikuona ukipanda kutoka C. Barua ya mtu aliyekuona ukipanda ina mengi kuliko ya aliyekupa A bila kukujua sura.

*Sina profesa asiye wa sayansi.* Soma tena masharti. Vyuo vingine havimhitaji. Kama vyako vinamhitaji, chukua kozi moja ndogo ya uandishi, falsafa au lugha muhula unaofuata, ushiriki kwa sauti.

*Naomba kwa mara ya pili. Barua za mwaka jana bado zipo?* AMCAS haizibebi kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Lazima zitumwe upya. Zilizoko Interfolio unaweza kuzituma wewe, lakini barua yenye tarehe ya zamani inaibua maswali. Warudie waandishi wako, uwaeleze umefanya nini tangu ombi la kwanza, na uwaombe waiandike upya. Hakikisha pia angalau barua moja ni ya mtu mpya kabisa.